Sakafu ya Sarudzai

Aliyeona kwanza hakuwa Muchaneta mwenyewe, alikuwa mwenzake wa jikoni. Walikuwa wamesimama mbele ya masufuria ya shule, kila mmoja na mwiko mrefu kama mpini wa jembe, wakisonga sadza, ugali wa wanafunzi. Yule mwenzake akamtazama mikono, kisha akabenua mdomo.

"Mama Tariro, siku hizi unalima kabla ya kuja kazini?"

Muchaneta akatazama kucha zake. Zilikuwa nyeusi. Udongo ulikuwa umeingia mpaka kwenye nyama, na ncha ya kidole cha shahada ilikuwa imechubuka. Naye alikuwa ameoga alfajiri ile, akajisugua kwa jiwe mpaka visigino.

"Masizi haya," akasema.

"Masizi gani yenye kokoto?"

Akaenda kunawa, na hakuliwaza tena jambo lile pale kazini, maana alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huchagua la kuwaza. Jina lake lenyewe kwa Kishona maana yake "mtachoka". Baba yake alimpa ili awasute majirani waliokuwa wakimsengenya. Majirani wale walikwisha kufa zamani, uchovu ukabaki na mwenye jina.

Yeye na mumewe Zivanai, fundi wa kuchomelea vyuma, walikuwa wamezunguka karibu mitaa yote ya Mkoba, pale Gweru, wakipanga vyumba. Kwa mwenye nyumba mmoja walifukuzwa kwa kuwa mashine ya kuchomelea ilipiga kelele. Kwa mwingine mwenye nyumba alifunga bomba kila walipotaka kufua. Kwa wa mwisho walipewa chumba kilichopakana na choo cha watu wote, na walipolalamika wakaambiwa harufu haina mpaka. Binti yao Tariro alikuwa ameolewa mbali. Wao wawili walibaki kubeba godoro lile lile, kabati lile lile, kutoka mlango hadi mlango.

Ndipo ikapatikana nyumba ya Machingura: vyumba vinne, bomba lake uani, ukuta wake. Mtaa mzima ulijua kwa nini ilikuwa tupu. Mle jikoni Obert Machingura alimuua mkewe Sarudzai kwa mpini wa jembe, akahukumiwa, akafia gerezani. Nyumba ikabaki mikononi mwa kaka yake, Killian, aliyekuwa akiishi Bulawayo. Killian hakuwa na masharti mengi. Alitaka watu wakae ndani wezi wasije wakang'oa mabati.

Habari ilipofika kwenye foleni ya kisima, watu walisahau ndoo zao.

"Mimi hata unipe bure na ng'ombe juu, silali humo," akasema Mama Rumbi, jirani wa ukuta kwa ukuta na nyumba ile.

"Wewe unalala nyumba moja na mama mkwe wako. Una la kuogopa tena?" akamtania mzee mmoja mwenye kofia ya sufu.

Watu wakacheka. Mama Rumbi hakucheka. "Cheka tu. Damu ya mtu haifutiki kwa deki."

"Damu ikikauka ni rangi tu, mama."

"Basi hamia wewe."

"Mimi nina kwangu."

"Ahaa! Mnamwona?"

Muchaneta alisikia yote, akajaza ndoo yake, akajitwika. Usiku ule alimwuliza mumewe, na Zivanai akajibu kama mtu aliyekwisha kulipima jambo.

"Ngozi haimfuati mpangaji," alisema. "Inafuata damu ya muuaji. Sisi si Machingura. Hatujui hata babu yao alizikwa wapi."

Kwetu Waswahili ngozi ni hii tuliyoivaa. Kwa Washona ngozi ni mzimu wa mtu aliyeuawa, unaorudi kwa jamaa za muuaji na kuwala mmoja mmoja hadi walipe. Lakini labda lugha mbili hizi hazijatofautiana sana: nayo, ikishakupata, huivui.

"Una hakika?" Muchaneta akauliza.

"Hakika ni kwamba nimechoka kunusa choo cha watu, Mama Tariro."

Wakahamia.

Mwanzoni hapakuwa na kitu, isipokuwa kwamba kulala hakukuwapumzisha. Waliingia kitandani mapema, wakaamka wameumwa mabega na viuno kama vibarua wa shamba. Zivanai akailaumu mashine. Muchaneta akayalaumu masufuria ya shule. Halafu ikaja harufu. Ilikuwa inakuja saa ile ya jua kali, nyumba ikiwa kimya: harufu ya udongo uliotoka kumwagiwa maji, na chini yake harufu nyingine, tamu iliyochacha, ambayo Muchaneta aliijua lakini hakuipata jina. Alifua mapazia. Alitoa kabati nje, akakuta nyuma yake, pembeni mwa jikoni, saruji imemomonyoka, pana kijishimo cha kuingia ngumi.

"Panya," akasema Zivanai, akaziba kwa kipande cha bati.

Asubuhi bati lilikutwa limewekwa kando, limesimamishwa ukutani kwa adabu, kama mtu anavyosimamisha sinia lililooshwa.

Siku Muchaneta aliporudi na swali la kokoto kutoka shuleni, alimkuta mumewe ameketi uani, mikono imefunguliwa juu ya mapaja. Kucha za mumewe zilikuwa nyeusi kama zake.

"Na wewe?" akanong'ona.

"Usiseme kwa sauti," Zivanai akasema. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Walishauriana kama wezi. Usiku wakafungana vifundo vya mikono kwa vipande vya kitenge, kila mmoja akamfunga mwenzake, na ncha wakazifunga kwenye chuma cha kitanda. Kulipopambazuka walikuwa huru. Vile vipande vilikuwa vimekunjwa vizuri, vimewekwa juu ya mto, kimoja juu ya kingine, na viganja vyao vilikuwa na malengelenge.

"Tuhame," akasema Muchaneta.

"Tuhamie wapi?"

Akataja mtaa mmoja. Akataja mwingine. Sauti ikamfifia kabla hajafika wa tatu. Akaketi ukingoni mwa kitanda akalia kidogo, si kwa woga, bali kwa kuwaza kulibeba tena lile kabati. Zivanai naye akajilaza kando yake, akamshika bega, na wote wawili wakalala tena, hivyo hivyo, mchana umeshaingia.

Jumapili iliyofuata ndipo Muchaneta alipoona kwa macho yake. Walikuwa wamekula sadza na mboga na dagaa, umeme umekatika, jua limesimama juu ya mabati. Zivanai alijinyoosha kwenye mkeka sebuleni akapitiwa na usingizi. Muchaneta alikaa akichambua maharage. Mtaa ulikuwa umejaa sauti: redio za betri, watoto, kuku wa Mama Rumbi. Kisha ile harufu ikaingia, na Zivanai akainuka.

Hakuinuka kama Zivanai, ambaye tangu aanguke kutoka juu ya paa huanza kwa goti la kulia na kuguna. Aliinuka kwa wepesi, kwa mkono mmoja kiunoni, kama mwanamke mwenye haraka ya kazi, macho yamefumbwa, akapita karibu na mkewe hata upindo wa suruali ukamgusa, akaingia jikoni, akalisogeza kabati bila kulikwaruza, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa kucha, kwaru, kwaru, kwaru, na kila kokoto aliyoitoa aliiweka upande kwa upole kana kwamba chini yake kuna kitu kinachoweza kuamka, na huku akichimba akawa anaimba, kwa sauti nyembamba ya mwanamke kijana ambayo haikutoka kifuani mwake bali mahali fulani nyuma ya koo, wimbo wa kubembeleza mtoto, ule ule ambao Muchaneta aliuimba miaka ile Tariro alipokuwa na homa, na alipofikia mwisho wa ubeti alinyamaza, akainamisha kichwa, akasikiliza sakafu, akangoja, kisha akaanza upya.

"Baba Tariro," Muchaneta akaita.

Akajikokota mpaka kwake, akamshika bega. Bega lilikuwa la baridi na limelowa. Zivanai akageuza uso, macho bado yamefumbwa, na Muchaneta akaona shati lake. Kifuani, pande zote mbili, palikuwa na madoa ya maji yanayotanuka polepole. Harufu ile tamu iliyochacha ilitoka pale. Akapata jina lake. Ilikuwa harufu ya maziwa ya mama.

Alipiga ukelele hata kuku wa jirani wakanyamaza.

Zivanai akazinduka, akajitazama kifua, akalivua lile shati kama linamuunguza. Wakatoka nje, wakakaa juani. Mama Rumbi alikuja mbio akakuta watu wazima wameketi chini kama yatima.

"Sisemi niliwaambia," akasema.

"Usiseme basi," Muchaneta akamjibu.

"Sisemi. Lakini mwiteni Madzimai Ketina."

Madzimai Ketina, yaani Mama Ketina, alikuwa nabii mwanamke wa wale wanaosali porini kwa kanzu nyeupe. Walimtarajia mtu wa kutisha. Akaja bibi mnene aliyevimba miguu, kanzu imeingia vumbi la barabara, viatu mkononi. Aliomba maji kabla ya kitu chochote, akanywa mpaka mwisho, akaomba mengine.

"Basi limeharibika huko njiani," alisema. "Nimetembea. Haya, yuko wapi?"

Alikataa kiti. Akakaa jikoni sakafuni, mgongo ukutani, miguu mbele, akafumba macho muda mrefu hadi Zivanai akadhani amelala.

"Madzimai," Zivanai akanong'ona, "utamtoa lini?"

"Nimtoe aende wapi?" Hakufumbua macho. "Mmemwona akimpiga mtu? Amevunja sahani? Amewakaba?"

"Hapana. Lakini anatutumia kama..."

"Anawatumia kwa sababu yeye hana mikono. Ngozi hutafuta watu, baba. Huyu anatafuta kitu. Huyu bado hajawa ngozi. Mwanamke hawezi kwenda kudai damu yake wakati kuna mtoto anamlilia nyuma." Akafumbua macho, yakawa mekundu. "Anafanya kazi mchana na usiku, na amechoka kuliko nyinyi. Msaidieni amalize."

"Mtoto?" Muchaneta akasema. "Hapakuwa na mtoto. Watu wote wanasema Obert alimuua mkewe."

Mama Rumbi, aliyekuwa amesimama mlangoni asipitwe, akaweka mkono mdomoni. "Alikuwa na mimba," akasema taratibu. "Obert alikuwa Afrika Kusini. Aliporudi alikuta mkewe amejifungua, akahesabu miezi kwa vidole, mtaa mzima ulisikia akihesabu. Kisha tukaambiwa mtoto alifia hospitali na hospitali imezika. Nani angeuliza? Haukupita muda, Sarudzai naye akafa, tukasahau ya mtoto."

"Na sakafu hii?" Zivanai akauliza. Alikuwa amepiga goti akiipapasa. Fundi ni fundi, hata akiwa na hofu. "Saruji ya hapa si ya nyumba nzima. Hii ilikuja baadaye."

"Aliimwaga Killian," akasema Mama Rumbi. "Kabla Sarudzai hajafa. Alikuja na gari lake na mifuko ya saruji, akashinda humu na mdogo wake. Tulisema, heri wewe uliye na kaka."



Zivanai akachukua sururu. Saruji ilipasuka kwa urahisi, kana kwamba upande wa chini kulikuwa na anayesukuma. Harufu ya udongo mbichi ikajaa nyumba, ingawa udongo wenyewe ulikuwa mkavu kama unga. Madzimai Ketina akamsimamisha, akaingia mwenyewe kwa magoti, akatoa kwa mikono beseni la bati lililofungwa kwa shali ya sufu. Hakulifungua lote. Alifunua upindo, akatazama, akafunika.

"Ukavu huu," akasema. "Mtoto mchanga, kwenye ukavu huu."

Polisi walikuja, wakapima, wakapiga picha, wakaondoka na beseni. Killian aliitwa kutoka Bulawayo. Alikuja na suti, akaeleza kwamba mdogo wake alimwomba amtengenezee sakafu iliyopasuka, naye akamtengenezea, na ni nani huchimba chini ya sakafu ya ndugu yake kuangalia? Obert alikuwa marehemu. Kesi haikuwa na mtu wa kusimamishwa. Killian alipita uani, akampa Muchaneta pole bila kumtazama, akaondoka kabla ya chakula.

Mama wa Sarudzai alifika kutoka vijiji vya Shurugwi, mwanamke mkavu aitwaye Nyembesi. Aliposimuliwa hakupiga kelele.

"Waliniambia hospitali imemzika," akasema. "Mimi nikashukuru. Nilisema asante kwa Killian, kwa mikono miwili."

Mifupa iliporudishwa, wanawake peke yao waliibeba, kama mila inavyotaka kwa mtoto ambaye hajaota meno: huzikwa na wanawake, penye unyevu. Walikwenda kwenye bonde la mto ambako ardhi haikauki hata kiangazi, Nyembesi, Madzimai Ketina, Mama Rumbi na Muchaneta. Hawakulia, maana mtoto wa namna ile haliliwi. Walichimba mpaka maji yakajikusanya chini ya shimo, wakamlaza kwenye ubaridi, wakafukia, wakanawa mikono mtoni. Muchaneta aliona kucha zake zikitakata. Wakati wa kurudi, Nyembesi akasimama ghafla kwenye nyasi.

"Mmesikia?"

"Nini?"

"Mtu amepumua," akasema yule mama.

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Zivanai alifukia shimo akasawazisha sakafu. Usiku wa kwanza Muchaneta alilala akaamka jua liko juu, mwili mwepesi, akadhani ameugua, maana alikuwa amesahau kupumzika kunafananaje. Akachelewa kazini, na hakujali. Miezi ilipita. Zivanai akapaka rangi ukuta. Muchaneta akapanda mboga uani, akanenepa mashavu, na bomba lilipokauka, kwenye foleni ya kisima watu wale wale wakaanza kumwuliza kama kuna chumba cha kupangisha.

"Nyumba ni nyumba," akasema Mama Rumbi. "Mimi sikuwahi kuogopa."

"Wewe?" akasema yule mzee wa kofia ya sufu. "Wewe na ng'ombe wako wa juu?"

Sifa hizo ndizo zilizofika Bulawayo. Killian akapiga simu. Nyumba sasa ni safi, alisema, na yeye amestaafu. Anakuja kukaa kwake, pamoja na mkewe na kijana wao. Wapangaji wajiandae.

Zivanai alikata simu akamweleza mkewe. Muchaneta alikuwa akikatakata mboga. Alimaliza fungu lile, akaweka kisu.

"Kabati tutalibeba vipi?" akauliza.

"Kama siku zote," Zivanai akasema.

Killian alikuja siku waliyokuwa wanahama, lori lake nyuma ya mkokoteni wao. Aliwakuta wakitoa godoro. Muchaneta alikuwa ameapa kutosema kitu. Alimkumbuka Nyembesi aliyemshukuru mtu huyu kwa mikono miwili, akatamani kunyamaza. Lakini alipomwona yule kijana, mrefu na mpole, akishusha viti, alishindwa.

"Baba Machingura," akamwita pembeni. "Usilale humu. Wala usimlaze mwanao."

Killian akatabasamu. "Mama Tariro, nyinyi mmekaa mwaka mzima. Tazama mashavu hayo. Ngozi gani hiyo inayonenepesha wapangaji?"

"Sisi si damu yenu. Na wakati ule Sarudzai alikuwa na mtoto wa kumshughulikia. Sasa amempumzisha. Sasa hana kazi nyingine."

Tabasamu likatetereka, likarudi. "Umechoka, mama. Kuhama kunachosha."

"Kweli," akasema Muchaneta. "Nimechoka."

Killian akapanda vidaraja vitatu, akafungua mlango wa nyumba yake. Mkewe na kijana walikuwa bado kwenye lori. Zivanai alikuwa anafunga kamba mkokotenini. Ndani hapakuwa na mtu, wala kitu, vyumba vinne vitupu vilivyofagiliwa. Kutoka jikoni yakasikika makofi. Yalikuwa makofi ya viganja vilivyokunjwa, mazito, ya polepole, yenye heshima, kama mke wa Kishona anavyopiga akiwa amepiga magoti kumlaki kaka mkubwa wa mumewe aliyetoka safari.

Mazoea ya mtu aliyelelewa vizuri humtangulia. Killian alivua kofia, akainamisha kichwa, akaitikia: "Tumefika, mama. Tumefika salama."

Kisha akasimama pale pale, kofia mkononi, na Muchaneta akaona shingo yake ikianza kutoka jasho. Hakugeuka. Nyuma yake mkewe alikuwa anakuja na sufuria, na kijana na kiti begani, wakiuliza aliyewapokea ni nani.

Makofi yakaanza tena, sasa karibu zaidi na mlango.